Nyumba Mpya Nayo Ina Mtihani Wake



Juma hili tunataka tuongee juu ya jambo linaloamsha ubishi katika makundi yetu kila mara. Nyumba ikiisha kujengwa, je, tumwite mtu aliyesomea ujenzi aje kuiangalia kabla ya kuhamia? Au tumshukuru Mungu, tupike, tumwite padri au mchungaji aibariki, kiisha tuingie? Wengi wetu tunafanya hilo la pili tu. Sisi tunasema yafanyike yote mawili, na la kwanza litangulie.

Sisi walimu hatuoni ajabu katika jambo hili. Mwanafunzi hasahihishi mtihani wake mwenyewe, hata awe wa kwanza darasani. Nasi walimu, ingawa tuna diploma, inspekteri anakuja, anaketi nyuma ya darasa, anafungua daftari la maandalio, anaangalia. Hatusemi kwamba ametudharau. Ni utaratibu wa kazi. Sasa, kwa nini kazi ya kufundisha kuhesabu iwe na inspekteri, na kazi ya kuweka ukuta juu ya vichwa vya watoto wanaolala isiwe naye?

Tuangalie kwanza mahali tunapokaa. Bukavu yetu si mji wa tambarare. Ni vilima vinavyoshuka hadi ziwa Kivu, na udongo wake kwa sehemu kubwa ni udongo mwekundu wa mfinyanzi, unaonyonya maji wakati wa mvua na kuwa mzito. Katika komini ya Kadutu kuna sehemu kama Funu ambako ardhi yenyewe inatembea polepole. Wenye nyumba huko wanajua mlango unaofungika vizuri mwaka huu na mwaka ujao unakataa. Tena kuna matetemeko. Siku ya Mungu tarehe 3/2/2008 ardhi ilitetemeka hapa kwetu na ng'ambo, Rwanda, watu wakafa, na nyumba nyingi zikapasuka. Wenzetu wa Goma nao wanakumbuka mwezi wa 5 mwaka 2021: Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22, matetemeko yaliendelea siku nyingi na kupasua kuta ambazo moto wa volkano haukuzigusa.

Kwa hiyo nyumba ya kwetu inajengwa juu ya udongo unaoteleza, chini ya mvua nyingi, katika nchi inayotetemeka. Kosa dogo ambalo mahali pengine lingevumiliwa miaka mingi, hapa linadai deni lake upesi.

Tuwape kisa kimoja kilichotokea katika kundi letu. Mama mmoja, mjane mwenye watoto watano, muuza vitenge, alijenga kwa taabu ya miaka mitatu. Mwaka wa kwanza alinunua mawe na mchanga, wa pili matofali ya kuchoma, wa tatu manjanja na simenti. Likelemba yetu ilimsaidia mara mbili. Fundi alikuwa mtu wa ukoo wa marehemu mume wake. Nyumba ilipokwisha ilikuwa nzuri kweli: vyumba vitatu na salon, krepi laini, rangi ya kijani nje, madirisha ya vioo. Ilibaki sehemu ya mwisho ya malipo, iliyokuwa bado katika sanduku la kundi.

Katika mkutano mmoja wetu aliuliza: kabla ya kutoa pesa hii, nani ameiangalia ile nyumba? Hapo mkutano uligawanyika. Wengine walisema: jamani, mbona inaonekana kwa macho, ukuta umesimama! Wengine walisema kumleta enjeniere ni kumtukana fundi, tena ni shemeji, kesho nani atamsaidia mjane akigombana na ukoo? Wengine walisema dola 40 za enjeniere zingenunua vitanda viwili vya watoto. Maneno hayo yote yalikuwa na uzito, na hatuyadharau. Mwenye nyumba mwenyewe alinyamaza muda mrefu, halafu akasema: "Chumba cha watoto ndicho kilicho karibu na mlima. Usiku nasikia maji. Mje naye."

Enjeniere alikuja asubuhi, akiwa na mita, nivo, timazi, nyundo ndogo na tochi. Hakuanza na ukuta. Alianza kwa kuuliza: hapa palikuwa nini kabla ya kujenga? Maji ya mvua yanatoka wapi na kwenda wapi? Msingi uliingia chini kiasi gani? Beto ya nguzo ilichanganywaje, na ilimwagiliwa maji siku ngapi? Halafu akazunguka nje, akapanda juu ya parsele, akaingia kila chumba, akapanda hadi juu ya plafo. Kazi yote ilichukua saa mbili na nusu.

Tuseme haki: alisifu mengi. Msingi wa mawe ulikuwa mzuri, kuta zilikuwa wima, na mbao za paa zilikuwa zimefungwa kwa vyuma vyema hata upepo usizinyanyue. Fundi yule hakuwa mwizi. Lakini mambo manne hayakuwa sawa.

La kwanza: lento ya juu ya dirisha la salon, yaani ile beto inayobeba matofali juu ya uwazi wa dirisha, ilikuwa imekalia ukuta kwa vidole vitatu tu kila upande. Inatakiwa iingie sentimita 20 hivi kila upande. Ndiyo maana ufa mwembamba ulikuwa umeanza kwenye pembe ya dirisha na kupanda kwa mshazari. Sisi sote tulikuwa tumeuona, tukasema ni krepi inakauka.

La pili: ukuta unaozuia mlima nyuma ya nyumba haukuwa na hata tundu moja la kutolea maji. Udongo ulikatwa kimo cha mita mbili, ukuta ukasimamishwa mbele yake, na maji yote ya mvua yakabaki nyuma yakisukuma. Maji ndiyo aliyokuwa akiyasikia mama usiku. Ukuta kama huo hauangushwi na udongo peke yake, unaangushwa na maji yaliyokosa njia.

La tatu: alikwangua kidogo nguzo moja ya pembeni. Patano lilisema vyuma vinne, vikapatikana viwili, tena vilikuwa karibu kabisa na uso wa nje. Chuma kinatakiwa kifunikwe na beto sentimita mbili na nusu au tatu, la sivyo unyevu unakifikia, kinashika kutu, kinavimba na kupasua beto kutoka ndani.

La nne: juu ya plafo, nyaya za umeme zilikuwa zimeunganishwa na kufungwa kwa kipande cha mfuko wa plastiki, na hapakuwa na kifaa cha kukata umeme wenyewe hitilafu inapotokea. Katika mji wetu, ambapo nyumba za mbao zimebanana na moto mmoja unaweza kuchoma avenyu nzima, sisi hatuhitaji kuelezwa maana yake.

Angalieni, wamama: katika mambo hayo manne, matatu yalikuwa yamefichwa na krepi, na mlima, na plafo. Lililoonekana ni moja tu, ule ufa, na hilo tulilitafsiri vibaya. Ndiyo sababu mtu wa kazi anahitajika. Macho yetu yanaona rangi. Yeye anaona njia ambayo uzito unapita kutoka kwenye paa hadi ardhini, na njia ambayo maji yanapita kutoka mlimani hadi ziwani.

Wazee wametuachia methali: usipoziba ufa utajenga ukuta. Ni methali ya hekima, lakini tuisikilize vizuri. Haisemi tuufiche ufa. Ufa unaofunikwa kwa krepi na rangi kabla ya kuulizwa umetoka wapi haujazibwa, umefungwa mdomo tu. Enjeniere alitufundisha jambo rahisi ambalo kila mama anaweza kulifanya: chora mstari kwa penseli kwenye ncha mbili za ufa, andika tarehe kando yake, kiisha rudi kila juma. Ufa mwembamba kama unywele, ulio kwenye krepi tu na usioendelea, mara nyingi ni ukaukaji. Lakini ufa unaopita alama yako, unaopanda kama ngazi kufuata matofali, unaotoka kwenye pembe ya mlango au dirisha, au unaoweza kuingiza sarafu, huo usiusubirie mvua nyingine. Ita mtu.

Kisa kiliishaje? Karatasi ya enjeniere ilisomwa mbele ya wote, fundi akiwepo. Tulianza na mambo mema aliyoyafanya, na hilo lilimfanya asikilize. Alikasirika kidogo juu ya nguzo. Alisema vyuma vilipanda bei katikati ya kazi, naye aliogopa kumwambia mjane aongeze pesa. Pengine ni kweli. Lakini kama angesema, tungalitafuta. Walipatana hivi: fundi atatengeneza lento na kutoboa ukuta wa mlima kwa jasho lake mwenyewe, mama atanunua vyuma na simenti ya kuongeza nguvu kwenye nguzo, na umeme utafanywa upya na fundi mwingine wa umeme. Malipo ya mwisho yalitolewa kazi ilipokwisha. Mama alihamia akiwa amechelewa majuma sita. Mvua kubwa ya mwezi wa 4 ilipokuja, maji yalitoka katika yale matundu kama mabomba yaliyofunguliwa, yakafuata mfereji. Chumba cha watoto kilibaki kikavu. Na shemeji bado ni shemeji, anakula kwao sikukuu.

Sasa, tumejifunza nini cha kuwasaidia wengine?

Kwanza, ukaguzi wa mwisho ni mzuri, lakini ukaguzi wa njiani ni bora zaidi. Mwenye uwezo amwite mtu wa kazi mara nne: mitaro ya msingi inapokwisha kuchimbwa, kabla haijajazwa mawe, vyuma vya nguzo na vya shenaji, ule mkanda wa beto unaozunguka kuta na kuzishikamanisha, vinapokwisha kufungwa, kabla beto haijamwagwa, kuta na paa zinapokwisha, kabla ya krepi, na mwisho, kabla ya malipo ya mwisho. Mwenye uwezo wa mara moja tu achague kabla ya krepi. Na asiyeweza kumwita mtu katikati apige picha kwa simu kila hatua, mita ikiwa imewekwa kando ya chuma au mtaro. Enjeniere atakapokuja mwishoni, picha hizo zitamwonyesha yaliyofunikwa.

Pili, kuna mambo ambayo mama anayeshinda kwenye parsele anaweza kuyachunga mwenyewe. Mchanga: weka kiasi katika chupa ya maji, tikisa, acha usiku mzima. Mchanga unatua chini, udongo unakaa juu yake. Tabaka la udongo likiwa nene, mchanga huo haufai kwa beto. Tofali la kuchoma: gonganisha mawili, lililoiva linalia kama chungu kizima, lisiloiva linajibu kwa sauti ya mfu. Beto: haikauki tu kama nguo, inahitaji maji ili ikomae. Imwagiliwe asubuhi na jioni kwa muda wa juma zima, na nguvu zake zinahesabiwa baada ya siku 28. Fundi anayeondoa mbao za kushikilia lento baada ya siku tatu kwa kuwa anazihitaji kwingine, mwulizeni. Lakini mambo haya hayachukui nafasi ya ukaguzi. Mama anayejua kupima joto la mtoto kwa mkono bado anampeleka kwa daktari.

Tatu, mkaguzi awe mtu asiyefaidika na jibu. Asiwe mwenzake wa fundi, wala asiwe yeye atakayepewa kazi ya kurekebisha. Awe amesomea ujenzi, aonyeshe diploma yake na kazi nyingine alizozikagua. Atoe karatasi yenye tarehe na sahihi, ikisema mambo ya hatari yanayotakiwa yafanywe kabla ya kuhamia, mambo yanayoweza kusubiri, na mambo yaliyo mema. Maneno ya mdomo yanapotea njiani. Na tusisahau kwamba kibali cha kujenga kinatolewa na idara ya mipango ya mji na makazi. Parsele isiyotakiwa kujengwa, hata nyumba ikiwa imara, inaweza kuleta machozi. Wenzetu wa Goma na Sake waongeze swali moja: mazuku. Ile hewa mbaya inayotoka ardhini ni nzito kuliko hewa ya kawaida, haina harufu, inajaa mahali pa bondeni na kuua. Chumba cha chini ya ardhi au kibanda katika shimo kisijengwe huko bila kupimwa.

Nne, tuandike patano. Wengi hatujui kwamba sheria yetu inamlinda mwenye nyumba. Kodi ya sheria za madai, kitabu cha tatu, ambayo ni dekreti ya tarehe 30/7/1888 juu ya mikataba, inasema hivi kwa maana: jengo lililojengwa kwa bei iliyopatanwa kwa jumla likibomoka, lote au sehemu yake, kwa sababu ya ubaya wa ujenzi au hata ubaya wa udongo, arkitekti na mjenzi wanajibu kwa muda wa miaka 10. Lakini utasimamaje mbele ya hakimu bila karatasi? Patano litaje bei, idadi na unene wa vyuma, kipimo cha simenti, tarehe, na sehemu ya malipo itakayobaki mpaka ukaguzi uishe. Na mama aliyeolewa asiambiwe hawezi kuweka sahihi: sheria nambari 16/008 ya tarehe 15/7/2016, iliyogeuza Kodi ya jamaa, iliondoa ile ruhusa ya mume iliyotakiwa zamani. Hatusemi tujenge kwa siri ya mabwana zetu. Nyumba ni ya wote wawili. Tunasema jina la mama na macho ya mama yawemo.

Tano, mwenye kununua nyumba iliyokwisha, na mwenye kupanga nyumba mpya, nao wana haki ya kuuliza. Rangi mbichi si ushahidi. Ukuta mmoja uliopakwa rangi upya peke yake katika nyumba nzima ni wa kuulizia zaidi. Nenda kaangalie siku ya mvua, si siku ya jua tu.

Limebaki neno la pesa, kwa sababu ndilo linalotushinda wengi. Dola 40 zile zilikuwa karibu bei ya mifuko mitatu ya simenti, katika nyumba iliyokula mifuko mingi sana. Hata hivyo, kwa mama anayeuza nyanya, ni pesa nyingi, na hatutamwambia kwamba si kitu. Ndiyo maana tunapendekeza mzigo huu ubebwe na kundi. Wamama 20, kila mmoja akiweka franka 500 kwa juma katika sanduku la pekee, baada ya majuma 13 wana franka 130.000. Hazitoshi kujenga nyumba, lakini zinaweza kulipia mtu wa kuangalia nyumba ya mwenzetu. Tena mwito ukitoka kwa kundi, fundi haoni kwamba mama fulani amemshuku. Anajua kwamba ndiyo desturi ya kundi, kwa kila nyumba na kila fundi, awe mgeni au shemeji. Fundi mwema atafurahi, kwa sababu karatasi ile itakuwa ushuhuda wake anapotafuta kazi nyingine.

Kundi letu limekwisha kuamua: hakuna sehemu ya mwisho ya malipo inayotoka sandukuni bila karatasi ya ukaguzi. Makundi mengine yajadili katika mkutano ujao, yatuandikie yalivyoamua, pamoja na shida mlizozikuta. Na yule mwenye nyumba ambayo krepi bado haijapigwa, asingoje mkutano. Apige picha leo, kabla fundi hajafunika.